Kitanda cha Siwatu, Chukua Bure

1.

TANGAZO

Mpangaji anayehama atakabidhi chumba KITUPU. Kabla ya kukabidhi, hakuna kitu chake kitakachovuka geti. Kitu ni kitu.
Mzee Mkumba, mwenye nyumba

2.

Mimi Mama Sikudhani, chumba cha mbele. Nyumba yetu iko Tandika, wapangaji tele, choo kimoja. Nakusimulia wewe unayesoma kwa sababu umekaa, mimi nimesimama tangu asubuhi na roho iko juu.

Anayehama ni Siwatu wa chumba cha kona, fundi nguo. Kirikuu cha mizigo kiko nje, dereva ameshanuna. Cherehani imefungwa kamba, sare za harusi ya watu zimo kwenye kiroba, na bibi harusi anazisubiri leo. Cherehani haitoki. Haitoki kwa nini?

Kitanda.

3.

(Kitanda kinasema:)

Nimechongwa Keko. Mninga mtupu, sita kwa sita. Nililetwa vipande vipande, nikapigiliwa misumari humuhumu ndani, mlangoni sipiti. Chumba anachokwenda Siwatu, kwa dada yake Mbagala, nikiingia mimi yeye atalala nje. Nimezaliwa mkubwa, si kosa langu. Hakuna aliyewahi kunilalia akaniambia nimezidi.

4.

(Boksi limekatwa, limeandikwa kwa chaki ya kukatia nguo, limeegeshwa dirishani:)

KITANDA KIZURI
CHUKUA BURE

5.

Bombani.

— Umeona? Bure.

— Mninga? Bure?

— Shoga, kitu kizima hakitolewi bure. Kina neno hicho.

— Kunguni.

— Kunguni unawamwagia maji ya moto, wanaisha. Hicho kina lake jambo.

— Kwani mumewe yuko wapi siku hizi?

— Si alikufa?

— Alifia wapi?

Ndoo imejaa. Inamwagika. Hakuna anayefunga koki.

— Jamani.

6.

Mume wa Siwatu, Shebe, mzima wa afya, yuko kazini Kilosa. Kwenye simu:

— We Siwatu, watu wananipigia, nikiitika wanapiga yowe wanakata. Nimefanya nini?

— Umekufa, Shebe. Juu ya kitanda.

— Lini?

— Asubuhi hii, bombani.

— Sasa mimi nifanyeje?

— Usipokee simu.

7.

Waliokataa:

Fundi seremala, alikuja na nyundo ang'oe misumari. Akasimama mlangoni. "Dada, cha marehemu sigusi mimi, nina watoto." Nyundo akaisahau.

Mama muuza chapati. "Mgongo unaniuma." Kitanda na mgongo, wapi na wapi?

Mimi. Nilisema nafasi sina. Nafasi ninayo, nalala na godoro chini. Lakini nikikichukua mimi, bombani nitapita na sura gani?

8.

(Siwatu, peke yake, akikaza kamba ambayo imeshakazwa:)

Mpangaji mpya yuko njiani. Nikifuta bure niandike bei, watasema nauza maiti. Nikiacha bure, hivyohivyo. Kile kiroba. Yule bibi harusi. Asiponiona mchana huu atampa kazi mwingine, na huko Mbagala nani atanijua mimi ni fundi kama cherehani imebaki huku imefungwa kama mbuzi, Mungu wangu!

9.

— Hodi wenyewe!

Nyamizi. Mpangaji mpya, binti wa Nzega, ndoo mkono mmoja, ufagio mkono wa pili. Nyuma yake hakuna gari wala godoro. Akachungulia chumbani.

— Loo. Kitanda hiki cha nani?

Mtu akazima redio, naapa.

— Cha bu...

Nikamkanyaga Siwatu mguu.

— Usilitaje hilo neno!

Akanitazama. Akautazama mkono wa yule binti.

— Mdogo wangu, umeshika nini?

— Ufagio, dada.

— Nipe. Kitanda chako.

— Ufagio kwa kitanda?

— Tumebadilishana?

— Tumebadilishana!

Wakapeana mikono. Na papo hapo, nyuma yangu, muuza chapati:

— Mninga ule! Kwa ufagio! Watu wana bahati zao bwana.

Mgongo ukapona.

10.

Mzee Mkumba kafika na funguo.

— Chumba kitupu, mzee.

— Na hicho?

— Cha mpangaji.

— Mpangaji si wewe?

— Mpya, mzee. Huyu hapa.

— Huyu hajawa mpangaji. Sijamkabidhi chumba.

— Mkabidhi basi.

— Nakabidhi kikiwa kitupu.

— Kitupu changu au kitupu chake?

Mzee akaanza kuhesabu funguo zake.

Nyamizi ameshavua viatu. Amejilaza kwenye mbao, mikono chini ya kichwa.

— Endeleeni tu, wazee wangu. Mimi nipo kwangu.

Honi.

Honi.

Siwatu kainama, kashika upande mmoja wa cherehani. Ananitazama. Bombani wamesimama na ndoo zao, wananitazama mimi.

Nikashika upande wa pili.

— Mama Sikudhani! Wewe unahama?

— Sihami, mzee. Nabeba.

— Nimesema hakuna kitu kinachovuka!

Cherehani nzito, acheni mchezo. Mguu wangu wa kulia uko nje ya geti. Wa kushoto nao unafuata.