Futi Kamba na Ngamia wa Mama Abshiro

Mimi Famau bin Shee, fundi cherehani wa Lamu, sijapata kumtemea mate kiumbe wa Mungu ila mara moja tu, mwaka wa 1937, na niliombwa. Wanaonicheka waje niwaeleze.

Nilikuwa nimehamia Garissa na ahali zangu, nikapelekwa Habaswein mwezi mzima kushona sare za askari. Vumbi la huko hulifuti, unalila. Wenyeji nao ukiwaamkia hawatosheki na sijambo yako. Watakuuliza mvua, malisho na hali ya mbuzi, na mimi mbuzi sina. Na hayo maziwa yao! Vyombo wanavifukiza moshi wa kuni, basi ukinywa ni kama unalamba jiko. Nikasema mie sinywi ng'o. Nikaishi kwa tende na maji.

Wakati wa kurudi, lori hakuna. Na mwanangu Mwanaheri anaolewa Ijumaa baada ya sala, walii wake ni mimi, nami sikumwachia mtu uwakili. Nikampata Mama Abshiro, mjane mwenye ngamia wa mizigo, naye anaelekea Garissa. Akampakia ngamia cherehani yangu, akakaza kamba kuliko hamali yeyote niliyemjua. Tukatembea siku sita bila shida.

Alhamisi asubuhi, imebaki siku moja tu, akili ikaniruka. Niliona cherehani inamchubua ngamia, nikataka kumshonea mto. Nikatoa futi kamba, nikampima tumbo. Futi kamba ikaisha, nikaanza upya.

"Lo, huyu kanona," nikasema. "Inchi mia na moja!"

Mashallah sikuitaja. Fundi akipima husema hesabu tu.

Ngamia akapiga magoti, akakataa kuinuka. Tukamvuta, tukambembeleza, wapi.

"Fundi, wewe metia yeye jicho," akasema Mama Abshiro. "Tema mate juu yake, sema mashallah."

"Mama, mimi mtu wa heshima zangu."

"Haya, kaa na heshima hapa." Akaketi kivulini, akaanza kusuka kamba.

Nikanuna. Jua likapanda. Kwenda peke yangu siwezi, maana njia mimi siijui na simba wanaijua. Nikawaza Mwanaheri amekwisha pambwa, shehe amekaa, watu wanatazamana kwa kuwa wa kumwoza hayupo. Roho iliniuma, siwafichi. Nikaondoka nilipokaa, nikainama mbele ya ngamia, nikatema.

Hakikutoka kitu. Kinywa kilikuwa kikavu, tende siku zote hizo na maji yamekwisha tangu jana. Nikajaribu tena, ukatoka upepo. Mama Abshiro alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akaniletea chombo chake cha maziwa.

"Kunywa," akasema.

Nikaziba pua, nikanywa. Halafu nikaizibua. Wallahi yalikuwa matamu, na ule moshi ndio utamu wenyewe. Nikayamaliza yote, nikaona haya. Ndipo nikatema mate ya kutosha na kusema, "Mashallah, tabaraka Allah."

Ngamia akanguruma, akainuka. Labda alikuwa amechoka tu na sasa kapumzika. Sijui, na siulizi.

Tuliingia Garissa Ijumaa, watu wanatawadha. Nikamwoza mwanangu na vumbi langu mwilini.

Jioni ilipofika saa ya kumtoa bibi harusi, mama wa bwana harusi, Bi Mwanatumu, akamtazama Mwanaheri toka juu hadi chini.

"Lo," akasema, "mtoto kanona huyu! Tazameni kiuno!"

Akaishia hapo, bila mashallah. Mwanaheri akaketi chini, asiinuke tena. Wakampepea, wakamvuta, wapi. Bwana harusi anangoja nje, na minong'ono imeanza kwamba bibi harusi hamtaki.

Mama Abshiro, niliyemwalika, alikuwa amekaa pembeni. Akanitazama tu.

Nikaenda jikoni, nikarudi na bakuli la maziwa. Nikalishika kwa mikono miwili mbele ya mama wa mkwe wangu, na watu wote wanatutazama.

"Bi Mwanatumu," nikamwambia kwa adabu, "kunywa kwanza. Halafu uteme."