Pumzi ya Alasiri

Kila siku, jua likianza kuegemea upande, jenereta ilichoka. Mlio wake ulishuka taratibu, taa za mashine ya kutotolesha vifaranga zikafifia, na Mama Vifaranga akaacha alilokuwa akifanya, akaenda kwenye chumba cha injini nyuma ya nyumba.

"Pole, baba watoto," alisema. "Umechoka, najua. Vumilia kidogo."

Kisha alifungua mfuniko wa tangi achungulie dizeli. Tangi likavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyeibuka kutoka majini, na muda si muda injini ikarudi kwenye kasi yake. Ilianza hivyo wiki ile ile aliyozikwa mumewe.

Wifi yake hakuthubutu kuingia mle. Alisimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Ni kaka yangu huyo. Alasiri lazima asinzie. Hata kifo hakijamwachisha uvivu."

Walicheka. Lakini Mama Vifaranga hakupenda mtu mwingine aguse mfuniko ule.

Sasa binti yake, aliyeishi mji wa mbali, alikuwa amekaribia kujifungua mimba ya kwanza. "Mama, naogopa," alisema kwenye simu. "Njoo." Naye angeondokaje? Trei zilijaa mayai yaliyokaribia kuanguliwa, umeme wa mtaa ulikatika kila asubuhi mpaka jioni, na joto likishuka vifaranga wangefia ndani ya maganda. Jenereta nayo ilimsikia yeye peke yake.

Akamwita shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi wa injini.

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Akabadilisha chujio la mafuta, akapuliza vumbi kwenye lile la hewa, akazima pampu na taa za nje ili kupunguza mzigo. Alasiri ilipofika, injini ikachoka vilevile.

"Kesho tutakaa wote humu, shemeji," alisema. "Msemeshe kama kawaida. Ila mfuniko usiuguse."

Kesho yake walikaa. Mlio ulipoanza kushuka, Mama Vifaranga akasema maneno yake. Ukazidi kushuka. Akayarudia, kwa sauti ya kubembeleza, mkono juu ya bati la moto. Injini ikakohoa.

"Anazimika," alisema.

Fundi akafungua mfuniko. Tangi likavuta pumzi, injini ikainuka.

Akaupeleka mfuniko dirishani, akaupindua.

"Hapa kuna tundu dogo la kuingiza hewa. Mafuta yakipungua, hewa inajaza nafasi yake. Tundu likiziba, dizeli inakwama tangini, injini inakosa nguvu. Hili limezibwa." Akampa. "Tazama mwenyewe."

Kwenye gundi nyeusi iliyokauka palikuwa na alama ya kidole gumba, na kovu la msumeno, lile la mumewe, limeikata katikati.

Masika yaliyopita paa la chumba kile lilivuja, maji yakaingia kwenye dizeli. Mumewe, mgonjwa wa siku zake za mwisho, alijikongoja akishika ukuta mpaka huku nyuma, akarudi kitandani akihema. "Maji hayatakusumbua tena," alisema, akalala.

"Basi ni yeye," alisema Mama Vifaranga.

"Ndiyo, shemeji. Mkono wake." Fundi aliangalia viatu vyake. "Nikiweka mfuniko mwingine, huu utabaki nao. Ila injini haitachoka tena."

Alielewa. Isipochoka, mumewe hatamwita tena.

"Niachie leo," alisema. "Kesho weka huo mwingine."

Keshokutwa yake alisafiri, mfuniko umefungwa kwenye kitambaa ndani ya mkoba. Binti alijifungua salama. Alasiri moja, mjukuu amelala kifuani pake, Mama Vifaranga alipiga simu nyumbani.

"Haijapungua kasi?"

Bibi alitamani, kwa nukta moja tu, shemeji yake amdanganye.

"Hapana, shemeji. Inakwenda sawa. Vifaranga wameanza kutoka." Kisha akaongeza, polepole, "Wifi yako yumo humu ndani na mimi. Ameleta kiti chake. Anasema tukae na kaka mpaka saa zile zipite."

Mama Vifaranga hakukata simu. Alisikiliza injini ikinguruma kwa mbali, mlio mmoja, usiopanda wala kushuka, mpaka salio likaisha.