Askari wa Kartie ya Nyuma

Katika mtaa wote wa Rwambuzi Osée alijitangaza kwamba hakuna ugonjwa wa kiwele unaoweza kuponyoka mikononi mwake. Alikuwa amemaliza sekondari, tawi la mifugo, na alisema hahitaji vipimo: ashike tu, hata akiwa amefumba macho, vidole vitamwambia. Watu walimwita docteur, wachache kwa heshima, wengi kwa kumchokoza. Yeye aliwaitikia wote.

Jumatatu alimwambia Mama Domitille kwamba ng'ombe wake ni mzima. Alhamisi asubuhi aliitwa tena kwenye lupango, ua wa nyumba ya mama huyo, na aliyetumwa kumwita alikuwa na bunduki.

Mama Domitille alikuwa amekimbia vita kule Fataki na ng'ombe huyo mmoja tu. Kila siku wapiganaji wa kizuizi cha barabarani walichukua bidon moja, dumu zima la maziwa, na kwa ajili ya bidon hiyo walimwacha akae. Sasa watatu kati yao walikuwa wanatapika tangu jana. Mkubwa wao, Gaspard, kijana aliyemzidi Osée miaka michache tu, alisimama mbele ya mama, bunduki mkono mmoja, bidon mkono wa pili. Ndani maziwa yalikuwa na mabonge ya njano. Hakupaza sauti. Alisema tu kwamba mtu anayewapa watu wake sumu anajulikana anakopelekwa, na harudi.

Mama aliapa hakutia kitu. Osée akainama kukitazama kiwele. Safari hii hata kipofu angekiona: upande mmoja ulikuwa umevimba, mwekundu, unang'aa. Majibu yote ya shule yakamjia kwa mkupuo.

"Chef, hii si sumu," alisema. "Ni maaskari. Kartie ya nyuma, kushoto. Wameingia wengi sana."

Gaspard aligeuza kichwa taratibu. Nyuma ya lupango, upande wa kushoto, palikuwa na nyumba moja iliyojaa wakimbizi wa Djugu, familia tano kwenye vyumba viwili.

"Wameingia lini?"

"Labda juzi. Na wanaongezeka kila saa."

"Silaha yao?"

"Hawana, chef. Wanameza adui muzima-muzima."

Gaspard alikunja uso, lakini alikuwa amekwisha kupiga mluzi. Wapiganaji wawili aliokuja nao, waliobaki mlangoni, wakaelekeza mitutu kwenye ile nyumba. Mtoto aliyekuwa akilia kule ndani akazibwa mdomo.

Mama Domitille ndiye aliyeelewa kwanza. "Baba," alimwambia Gaspard, "anasema kartie ya kiwele. Anasema ng'ombe."

Ndipo Osée akatambua alichokifanya. Shuleni, kwa Kifaransa cha mwalimu, kila robo ya kiwele huitwa kartie. Mjini, kartie ni mtaa wenye watu. Akaomba sahani nne na OMO, sabuni ya unga, kabla kidole cha mtu hakijateleza.

Mama alikamua, kila chuchu na sahani yake. Osée akamimina maji ya OMO, akazungusha. Sahani tatu zilibaki nyepesi. Ya nne ikawa nzito, ikavutika kama dongodongo, bamia iliyopikwa. Alieleza haraka, macho yakiwa kwenye mitutu: vijidudu vikiingia kwenye chuchu, mwili hutuma askari wake kupitia damu; wanapigana na vijidudu, wanakufa humo, na mabonge ni maiti zao; vijidudu hivyo ndivyo vilivyowatapisha vijana. Sabuni huwapasua, na vilivyo ndani yao hushikana. Kadiri walivyo wengi, ndivyo maziwa yanavyovutika. Na sumu ya mtu haiwezi kuchagua chuchu moja.

Gaspard aliweka bidon chini, akachovya kijiti kwenye sahani ya nne, akakiinua, akatazama ule uzi ukirefuka. Akatoa ishara, na mitutu ikashuka. Wake ukabaki umemwelekea Mama Domitille.

"Basi mama alijua ng'ombe iko mugonjwa," alisema, "na akatupatia tu."

Mama alijibu kwamba docteur mwenyewe alimwambia Jumatatu ng'ombe ni mzima. Macho yote yakamgeukia Osée. Palikuwa na jibu moja la kumwokoa mama na jingine la kuliokoa jina lake mwenyewe, naye akadaka lililokuwa karibu.

"Jumatatu kiwele ilikuwa muzuri. Nilishika kartie zote ine na hii mikono."

"Kwa hiyo imebadilika juzi," Gaspard alimwambia mama, "weye ukaona, ukanyamaza."

Aliyejibu ni Angèle, jirani ya mama, aliyekuwa amesimama penye tundu la ua muda wote huo.

"Docteur, ulishika saa ngapi? Jumatatu nilikuwa hapa naanika manguo. Kiwele ilikuwa tayari imevimba. Ng'ombe alirusha teke moja tu, ukapanda juu ya fensi. Ulimupima toka kule juu. Ukamwambia mama kwamba iko muzima, ukashukia upande wa kwangu, ukakata hata kamba yangu ya manguo."

Mtutu ukamwacha Mama Domitille.

"Docteur," Gaspard alisema, "sogea hapa."