Betri Mfukoni

Kinya alikuwa na sauti ndogo, na mafundi wa paa aliofanya nao kazi walikuwa wameigeuza sauti hiyo mchezo wao wa kila siku. Akisema neno akiwa juu ya ukuta, hakukosa mmoja wa kutia kiganja nyuma ya sikio na kupiga kelele, "Ongeza sauti, Mtaalamu! Hatujasikia huku chini!" Wote walicheka, masikio yake yakawaka moto, na lile alilotaka kusema likarudi tumboni likalala.

Walimwita Mtaalamu kwa sababu alisomea ujenzi chuoni, kisha akaja kubeba mbao pamoja nao. Asiyemwita hivyo alikuwa Kithaka peke yake, fundi mzee kutoka upande wa Mbeere, ambaye wenziwe walimjua kama Baba Sheila. Yeye alimwita mwari, kama binti wa nyumbani. Kazi ya Kithaka ilikuwa kushika. Mbao mbili zikikutana, alilaza kiganja chake cha kushoto karibu na maungio, akaegemeza uzito wake wote, halafu akaimba wimbo wa kanisani kwa pua hadi mwenzake amalize kupigilia.

Wiki hiyo walikuwa Kibirichia, wakijenga ghala la viazi la kikundi cha wakulima. Kuta zilikuwa tayari. Trasi, zile fremu za pembetatu za kubeba mabati, zilikuwa zimeundwa na kulazwa kwenye nyasi, na mbili za kwanza zilikuwa zimeshapandishwa na kufungwa kwa kamba zikisubiri misumari. Viazi navyo havikusubiri mtu. Vilikuwa vimeanza kuchimbwa, vimefunikwa majani makavu kule shambani, maana kiazi kikiota jua hugeuka kijani na hakuna mnunuzi atakayekigusa. Na juu ya hayo yote, ukungu ulikuwa mzito na mvua ilinukia.

Ndiyo maana Nyamu, kontrakta wao, alikuja asubuhi hiyo na mashine mbili za kupigilia misumari, zote za betri, zisizotaka waya wala mpira wa upepo. Alizilaza juu ya gunia kama mtu anayeuza kuku. Moja ilikuwa mpya, ya kujaribu, na mwenye duka la vifaa kule Meru mjini alitaka ama pesa zake ama mashine yake jioni hiyo hiyo. Ya pili ilikuwa kuukuu, imekwaruzika mwili mzima, imetoka kwa shemeji yake Nyamu huko Karurumo, kaka wa mkewe.

Hazikumaliza saa moja kabla ya kupata majina. Ile mpya, ambayo haikufyatua msumari mpaka uikandamize kwenye mbao, uvute triga, uachie, kisha uanze upya, Muthomi aliibatiza Pasta.

"Haianzi ibada mpaka watu wote wakae," alisema. Muthomi ndiye aliyekuwa kijana wa utani pale, na ndiye aliyekuwa na haraka kuliko wote. Ile kuukuu akaiita Boda. "Hii haina habari ya taa nyekundu. Ukivuta triga, tumeenda!"

Na kweli Boda ilienda. Kwa kawaida mashine kama hizi zina mdomo wa chuma mbele, na mdomo huo usipokandamizwa kwenye mbao, triga haifanyi kitu. Lakini mdomo wa Boda ulikuwa umevutwa nyuma na kufungwa kwa blada, ule utepe unaokatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, ukazungushwa na kuzungushwa mpaka chuma hakikuonekana. Kwa hiyo ilifyatua popote, hata hewani. Muthomi alipita nayo juu ya mbao ta-ta-ta-ta, na mafundi wakapiga mbinja.

Kisha akageuka kuwaonyesha meno, kidole kikiwa bado kwenye triga, na kiwiko chake kikagonga nguzo.

Ta.

Msumari uliingia kwenye ubao ambao Kithaka alikuwa ameushika. Ulizama wote, ukabaki kichwa tu, karibu na kidole chake cha mwisho kiasi kwamba kipande cha kijiti kisingepita katikati.

Wimbo ulikatika. Halafu Kithaka akacheka. "Imenisalimia," alisema, "nami sikuitikia. Adabu gani hiyo?"

Wote wakacheka, na kazi ikaendelea. Ila Kinya alimwona Baba Sheila akienda kuchukua kikombe chake cha uji, na uji ukimwagika ukingoni, tone kwa tone, mpaka mzee akakishika kwa mikono yote miwili.

Saa nne hivi, mwenyekiti wa kikundi alifika. Felicitas alikuwa mama mnene mwenye gambuti, viatu virefu vya mpira, zilizojaa matope, na alikuja na wakulima wenzake wanne au watano. Tangu mwanzo alikuwa amesema kwamba ghala ni lao, na kwamba paa litapigiliwa na mashine ambayo aliyesoma amesema inafaa. Nyamu alikuwa amekubali mbio mbio. Alimjua Kinya. Hakuwahi kumwona akimkatalia mtu hata chumvi.

"Haya, Mtaalamu," alisema Nyamu. "Umezishika zote. Tuchagulie, mwenyekiti asikie." Akaigusa Boda kwa ncha ya kiatu ili Kinya asipotee njia.

Kinya alikuwa amezishika kweli. Alikuwa ameinua kila moja juu ya kichwa, mkono mmoja, kama atakavyohitaji kule kwenye kilele cha paa. Pasta ilikuwa nzito zaidi, na jioni mkono ungelia. Ilikuwa polepole pia, hilo hakujidanganya. Lakini iliuzamisha msumari sawasawa hata kwenye mbao za mukima, ule mti unaopandwa mashambani, zilizokuwa bado mbichi, na misumari yake, ile inayokuja imegandishwa pamoja kwa safu, ilipatikana pale pale mjini. Misumari ya Boda ilikuwa katoni moja tu ya shemeji, na hakuna aliyejua nyingine ingetoka wapi. Haya yote aliyapanga vizuri kichwani. Kisha akafungua mdomo, macho yakiwa kwenye gambuti za mwenyekiti.

"Pasta," alisema. "Kwa sababu ya mdo..."

"Amesema Boda," Nyamu alimgeukia Felicitas, akitabasamu. "Ana sauti ndogo huyu, lakini ndani kumejaa. Boda ndiyo mashine."

Muthomi, aliyekuwa amesimama karibu, alisikia. Kithaka alisikia. Muthomi alitazama viatu vyake. Kinya alingoja mtu aseme kitu. Aligundua kwamba kila mtu pale, hata yeye mwenyewe, alikuwa akimngojea Kinya anyamaze kama kawaida yake.

Alinyamaza. Lakini aliinama, akabonyeza kitasa cha betri ya Boda, akaichomoa, akaitia kwenye mfuko wa ovaroli yake, akafunga zipu. Halafu akachukua nyundo, akapanda ngazi.

"Wewe! Unaenda wapi na betri?"

Alipita juu ya ukuta, akapanda pale ambapo trasi ya kwanza ilikutana na anga, akaketi, mguu mmoja huku na mwingine kule. Kutoka pale aliona mashamba yote, mistari ya viazi ikiteremka mpaka ilipomezwa na ukungu. Moyo ulimpiga kiasi kwamba betri mfukoni ilikuwa kama inapiga nao.

"Kinya!" Nyamu alipaza sauti. "Shuka!"

"Sikusema Boda," alisema Kinya.

Kutoka chini ukaja mwitikio wa mazoea, bila hata mtu kufikiri: "Ongeza sauti, Mtaalamu!"

Basi akaongeza. Hakujua kwamba alikuwa nayo, sauti ile. Ilitoka ikiwa na mikwaruzo, kama mlango wa stoo usiofunguliwa mwaka mzima.

"Nilisema Pasta! Na sipigilii hata msumari mmoja na mashine iliyofungwa blada! Blada ni ya baiskeli!"

Mkulima mmoja alicheka, akajiziba mdomo. Nyamu alikuwa amesimama na Boda mkononi, bila betri, haina faida kama kiti kisicho na mguu.

"Hiyo Pasta nitairudisha Meru sasa hivi," alisema. "Nitabaki na Boda. Wewe kaa hapo na betri yako mpaka uote mizizi. Baba Sheila! Panda umlete huyo mtoto chini."

Kithaka aliweka kikombe chini. Alipanda polepole, goti moja likilalamika, mpaka akafika kwenye ukuta chini ya Kinya. Hapo akashusha pumzi.

"Mwari."

"Baba Sheila, usiniambie nishuke."

"Nani amesema ushuke? Nisogezee misumari." Akachomoa nyundo kwenye mkanda wake na kuanza kupigilia mguu wa trasi, ile njia ya zamani, akiimba kwa pua. Kila pigo lilitoka wazi kwenye ukungu, na Nyamu alifumba macho kwa kila moja.

Felicitas alisogea karibu na mashine. "Nyamu, sisi tulisema aliyesoma achague. Amechagua kutoka juu ya paa, wamesikia mpaka ng'ombe. Shida yako ni gani?"

"Shida si hiyo, mwenyekiti." Nyamu alishusha sauti. "Mashine imetoka kwa shemeji. Nimeshamwambia imefika salama na nimeipenda. Nitaenda Karurumo na uso gani?"

Kinya alisikia, na moyo ukamlegea. Wote pale walijua jinsi ilivyo: kitu alichokupa shemeji hukipindui pindui ukikitafutia dosari. Unakipokea kwa mikono miwili na kusema asante. Alimhurumia Nyamu kwa dhati. Karibu ateleze ashuke, aseme basi, tumalize, tutakuwa waangalifu. Kisha akatazama chini na kuona kiganja cha Kithaka, kimelazwa juu ya mbao, vidole vyote vitano.

"Fungua hiyo blada," alisema. "Tuone mdomo wake ukoje bila blada. Ukifanya kazi kama wa Pasta, nitakuletea betri mwenyewe, na nitafanya kazi na Boda mpaka izeeke."

"Hayo ni maneno ya haki," alisema Felicitas.

Nyamu alimtazama Muthomi, ambaye ghafla alikuwa na shughuli kubwa ya kupanga mbao. Basi akakaa kwenye gunia na kuanza kufungua mwenyewe. Blada ilikuwa ngumu, na ilitoka mzunguko baada ya mzunguko, ndefu kama utumbo wa mbuzi. Ilipotoka yote, mdomo wa chuma uliteleza mbele, ukaning'inia. Nyamu aliusukuma nyuma kwa kidole gumba. Haukurudi. Akauvuta, akausukuma tena. Ulilegea tu huku na huku kama jino la mtoto. Springi haikuwepo. Pale ilipopaswa kuwa palikuwa na kutu na kipande cha waya.

Wakulima walisogea kutazama. Hata nyundo ya Kithaka ilitulia.

"Kumbe Boda haina breki kabisa," alisema Muthomi taratibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuna aliyecheka. Alikuwa akiutazama ule msumari wa asubuhi, kichwa chake kikimetameta kwenye ubao.

Nyamu aliikunja blada mkononi mwake. Shingo ilikuwa imemwiva. "Haya," alisema hatimaye. "Shuka. Tutatumia Pasta."

Angeweza kushuka hapo. Kinya wa jana angeshuka, tena mbio, kumwondolea mtu aibu. Kinya wa leo alibaki kwenye kilele.

"Na Pasta nayo? Mkichoka kungoja, mtaifunga blada?"

Nyamu alinung'unika kitu akitazama nyasi.

Kinya aliweka kiganja nyuma ya sikio, kama walivyomfanyia yeye kila siku.

"Ongeza sauti, Bosi! Hatujasikia huku juu!"

Muthomi alishindwa kujizuia, akapasuka kwa kicheko, na wakulima wakamfuata. Nyamu alijaribu kukunja uso. Haukukunjika vizuri.

"Hakuna blada!" alipaza sauti. "Kwa mashine yangu yoyote! Atakayefunga blada ataenda kufanya kazi kwa baiskeli! Umesikia sasa, wewe mwanamke?"

"Nimesikia."

Alishuka. Alifungua zipu, akamwekea Nyamu betri kiganjani.

"Mwambie shemeji mimi ndiye niliyekataa," alisema, sauti ikiwa imerudi kuwa ndogo.

"Hiyo nitamwambia," alijibu Nyamu. "Na hiyo nitaisema kwa nguvu." Akaichukua Boda, akaitupa nyuma ya pikapu, akapiga simu dukani kuwaambia wasiingoje mashine yao jioni.

Mvua ilikuwa bado haijaanza. Kinya alipanda na Pasta, nzito mkononi kama debe la maji. Kithaka alikuwa tayari kwenye trasi ya pili. Alilaza kiganja chake pale alipozoea kukilaza, karibu kabisa na maungio, akaegemea, akamtazama.

"Sogeza mkono kidogo, Baba Sheila," alisema Kinya.

"Si umesema hii ni Pasta?"

"Hata kwa Pasta. Sogeza."

Mzee akasogeza kiganja. Kinya alikandamiza mdomo wa mashine kwenye mbao, akangoja wimbo uanze, akavuta triga.