Kiti cha Nne Matangani

Kila asubuhi Liwayway hufagia ua kabla hajachemsha maji. Asubuhi hiyo alikuwa katikati ya kazi shangazi Belen alipompokonya ufagio.

"We mtoto! Maiti yumo ndani, nawe unafagia? Unataka kumfagia na mwingine amfuate kaburini?"

Alikuwa amesahau. Baba yake alilala sebuleni kwenye jeneza la mkopo, na majirani walishaanza kujaa uani na karata zao. Pale mjini Malabon, matanga bila kamari ni kumtupa marehemu. Wachezaji ndio wanaomkesha, na kila anayeshinda hutia chochote kwenye kopo la wafiwa. Hata polisi wakipita hutazama pembeni.

Meza moja ilikosa mtu wa nne.

"Rodel, kaa hapa," shangazi akamwita kaka yake Liwayway.

"Shangazi, mimi niliacha. Unajua."

"Uliacha kamari. Hii ni heshima. Watu wamekuja kumlilia babako, wewe unawaachia kiti kitupu?"

"Anaogopa kunyolewa na vikongwe," Mzee Poldo alicheka, akichanganya karata. "Njoo, kijana, tutakuhurumia. Leo tu."

Rodel alimtazama dada yake. Mbele yake ndipo alipokula kiapo, baada ya kuicheza kamari na kuipoteza bajaji iliyowalisha wote. Neno moja tu la Liwayway lingemtosha. Lakini amkataze vipi mtu kumkesha baba yake? Na jeneza litalipwa na nani? Liwayway akainamisha macho, akamuuliza Mzee Poldo kama angependa biskuti.

Kaka akaketi.

Kufikia adhuhuri alikuwa akicheka kile kicheko cha zamani, cha juu juu, na chakula chake kimepoa pembeni. Shangazi akalitikisa kopo.

"Bado jepesi. Tukisogeza mazishi ya kesho hadi Jumapili, litajaa."

"Jumapili, naam," Rodel alidakia. "Hata Jumatatu." Hakuinua macho kutoka kwenye karata.

Liwayway akaliweka sinia chini.

"Kaka, inuka."

"Mchezo huu tu, mdogo wangu."

Poldo alikuwa ameshagawa upya, na Rodel ameshaziokota.

"Nilitaka kukukataza tangu asubuhi, nikaona aibu," Liwayway alisema mbele ya watu wote. "Baba na azikwe kesho, kwa deni hilo hilo la jeneza. Yeye hatumpati tena. Wewe ndiye ninayekutaka. Inuka, kaka, nakuomba."