Sekunde Tano za Kusubiri

Mstari ule niliuandika mwenyewe: subiri sekunde tano. Seva ya hospitali inapowashwa, kiini cha mfumo hutambua diski, kisha husoma lebo zake moja moja. Lakini programu inayosimamia kompyuta pepe, zile zinazoishi ndani ya seva, haina adabu ya kungoja. Ikikuta diski ambayo lebo yake haijasomwa, huidhani mpya, huifuta na kuanza upya. Sekunde zangu tano zilikipa kiini nafasi ya kumaliza.

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, aliziita uvivu wa kizee. Mimi ndiye niliyemwombea kazi na kumfundisha. Ofisi nzima tulimwita Chapuchapu, naye alilipenda jina hilo. Wiki ya ugeni wa wakurugenzi aliufuta mstari ili mitambo iwake upesi. Alijaribu mara tatu, ikawaka salama.

"Umeona, shemeji? Hakuna kilichoharibika."

"Mara tatu kiini kimewahi. Siku programu ikiwahi, tutalia."

"Basi, wageni wakiondoka naurudisha."

Nikamwamini. Hilo ndilo kosa langu, na bado linanichoma.

Wageni wakaondoka, mstari haukurudi. Jumatatu asubuhi umeme ulikatika, ukarudi. Programu ikawahi kwa sekunde mbili. Majibu ya vipimo ya wiki tatu, tangu tuliponakili mara ya mwisho, yakafutika. Kina mama wakarudi kwenye foleni, watoto wao wachomwe sindano upya, wakinitazama kama mchawi.

Juu ya faili lililokuwa na mstari ule palikuwa na jina langu. Mkuu wa hospitali aliniita saa nane. Kwenye mkoba nilikuwa na karatasi inayoonyesha nani alifuta mstari, na lini. Nikiwa mlangoni mdogo wangu akapiga simu.

"Dada, akimwaga unga yeye, wanangu watatu watakula wapi? Wewe uko peke yako."

Uko peke yako. Alilitamka kama vile ni akiba niliyojiwekea. Nikaingia, karatasi ikabaki mkobani. Kufikia saa tisa nilikuwa nje ya geti na boksi la vitu vyangu. Asante ya punda ni mateke, lakini punda huyu nilimfunga mwenyewe uani kwangu.

Miezi miwili baadaye mdogo wangu alipiga tena, furaha tele.

"Dada, baba watoto kapewa cheo chako, na barua ya pongezi. Kagundua dawa ya ile mitambo."

"Dawa gani?"

"Mimi sijui mambo yenu. Anasema inasubiri sekunde kumi."