Meli Kwenye Medali ya Babu

...na Denis bado hajafika, watoto wawili tu mbele yetu halafu mchungaji ataniuliza jina la mwanangu, nitasema nini, mama mkwe kasimama nyuma yangu, tangu juzi anasema jina la muuaji haliingii nyumbani kwake, mtoto hurithi tabia za somo wake, hilo hata mimi naliamini, ndiyo maana nalitaka jina hilo, nataka mtoto mpole kama babu Nikodemo aliyenilea kule Zuzu, aliyenisuka nywele bila kuniumiza, shangazi zangu wakimcheka... lakini ile medali yake, maandishi yamesuguka yakaisha, imebaki meli inazama na mama ndani ya maji kamwinua mtoto juu, mama mkwe akaigeuzageuza, mtu hupewa medali kwa alilofanya, Debora, huyu alifanya nini kama si kuzamisha watu, lakini babu aliniambia katika vita vya Mjerumani alibeba mizigo tu, bahari hakuiona hata siku moja, medali alipewa baadaye na Mwingereza aliyemwajiri jikoni, nami nikaanza kumtilia shaka marehemu, Mungu anisamehe, nikaiogopa mikono iliyonilisha, na Denis akaondoka nayo medali asubuhi akaulize kazini kwake... mlango unalia, ni Denis, na koti lake la mitumba, tangu biashara iwe ruksa mume wangu kawa maridadi, anajipenyeza, anahema, kaitambua, anasema, nani, yule Mwingereza, bosi wangu wa mradi wa visima, shikamoo mama, Denis, sema kwanza, "...bibi yake kule Uingereza anayo kama hii kabatini, si tuzo, walizitengeneza kulaani, Wajerumani walizamisha meli ya abiria, watu wasio na silaha, basi zikauzwa madukani, mwenye uchungu akanunua..." madukani, kumbe, kama sisi na khanga za maadhimisho, mimi mwenyewe ninayo ya vita vya Kagera na sijawahi kushika bunduki, mjinga mimi, babu hakuiona bahari, hakunidanganya, ee Bwana, alikaa na picha ya msiba wa watu wengine miaka yote ile akiifuta vumbi, na mimi ndiye nikamwita muuaji moyoni, machozi haya yatoke tu, wataona ni furaha ya ubatizo, na ni furaha kweli, kifua kimekuwa chepesi... mama mkwe amesikia, najua, mchungaji bado yuko na mtoto yuleyule, bado wawili mbele yetu, na mkono unapita begani kwangu, unavuta shali, mfunike Nikodemo kichwa, ananong'ona, mlango uko wazi, kuna upepo.